Siku Kumi Bila Maji

Mashine ilimkataa mara tano. Mara ya kwanza karani alimwambia afute kidole kwenye gauni, labda kina jasho. Mara ya pili akampa pamba yenye spiriti. Mara ya tatu akabadilisha kidole, mara ya nne akabadilisha mkono, na mara ya tano akaushika ule mkono, akauinua kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua noti bandia, kisha akauliza kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia:

"Mama, kwani wewe unafanya kazi gani?"

Alikuwa dobi. Dobi wa hospitali, mwaka wa kumi na tisa sasa, na wenzake walimwita Povu kwa sababu hata akivaa nguo za kwendea harusini alinukia sabuni. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe, laini, zinateleza kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Mstari hata mmoja hakuna. Miezi mitano nyuma, alipojiandikisha, vidole vilisoma vizuri tu, lakini wakati ule alikuwa ametoka kulala mwezi mzima na mguu uliovunjika, hajagusa maji. Leo lilikuwa zoezi la kuhakiki, kura yenyewe ilikuwa bado siku kumi na mbili, na mashine ilikuwa inasema huyu mama haimjui.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwamba siku ya kura mashine ikikataa tena kuna fomu ya kujaza, halafu akainama kidogo akaongeza kwamba hizo fomu huwa zinakuja chache, na zikiisha zimeisha.

"Kwa hiyo mama, bora siku hiyo uje na vidole."

Foleni ikacheka. Povu naye akacheka, maana ukichekwa mbele za watu na wewe usipocheka unaonekana mshamba. Akatoka na kile kicheko mdomoni hadi kwenye kona, na pale kwenye kona kikaisha, akawa anatembea tu, mikono ameificha kwapani kama mtu aliyeiba.

*

Pale dobi palikuwa na wanawake ishirini na wawili na mashine moja kubwa iliyokufa miaka sita iliyopita, ambayo sasa walikuwa wanawekea mabeseni. Kila kitu kilifuliwa kwa mkono. Mashuka ya wodi ya wazazi yana damu, ya upasuaji yana dawa ya njano isiyotoka, ya wodi ya watoto yana kila kitu ambacho mtoto anaweza kutoa. Unaloweka kwenye pipa la magadi, unahamishia kwenye dawa ya kung'arisha, unasuuza mara tatu, unakamua wawili wawili, mmoja huku mmoja kule, unaanika. Glavu zililetwa jozi moja kila baada ya miezi mitatu, na jozi hiyo ilikuwa inapasuka kabla wiki haijaisha.

Sasa ule uchaguzi ulikuwa unawahusu wao kabisa, tena kwa jina la kazi yao. Mgombea mmoja, bwana aliyejulikana kwa kofia yake pana kiasi kwamba watu walimwita Mwenye Kofia, alisimama jukwaani akaahidi kwamba nguo za hospitali zitafuliwa na kampuni. Magari yatakuja asubuhi, yatachukua, jioni yatarudisha zimepigwa pasi. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza wale wanawake ishirini na wawili wataenda wapi. Mgombea wa pili alikuwa mama mmoja mstaafu, Mwalimu Mkuu wanamwita mpaka leo, na yeye alisema mashine itengenezwe na wanawake walewale wafundishwe kuiendesha. Hakupigiwa makofi mengi. Watu wanapenda magari.

Povu alipowasimulia wenzake yaliyompata, walicheka, kisha mmoja mmoja wakaanza kuangalia vidole vyao, na kicheko kikapungua. Wengine waliona haina haja kujisumbua. Lakini dobi mzee kuliko wote, aliyebakiza miezi minne astaafu, alimvuta pembeni kwenye kamba.

"Vinarudi," akamwambia. "Mimi vilirudi nilipolazwa. Siku kumi usiguse maji. Maji kabisa, siyo magadi tu. Asubuhi mafuta, jioni mafuta. Ukigusa magadi hata siku moja umerudi ulikotoka."

Povu akaenda kwa msimamizi kuomba ahamishiwe chumba cha kukunja kwa siku kumi. Msimamizi alimsikiliza akiwa anakula, akamuuliza kama huko nyumbani kwake kuna mtu wa kumfulia, akamuuliza kama anadhani na yeye msimamizi ahame ofisi kwa sababu ya kura, halafu akakubali. Sharti moja: mwezi mzima utakaofuata Povu atafua mashuka ya upasuaji peke yake. Akasema ndiyo kabla msimamizi hajamaliza sentensi.

*

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili na ukumbi mwembamba. Mume alikuwa dereva wa lori la masafa, mwezi mzima njiani, siku nne nyumbani, na hizo siku nne analala. Binti yao wa pekee aliolewa mbali. Kwa hiyo walikuwa wawili tu mle ndani, Povu na mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini na kitu aliyeletwa pale miaka sita iliyopita baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Bibi alilala chumba cha dirishani. Macho yalikuwa na ukungu, jicho moja linaona mwanga, jingine halioni hata huo.

Hawakugombana. Afadhali wangegombana. Zamani bibi alitaka mwanawe amwoe mwalimu mmoja wa chekechea, mwanawe akaleta dobi, na tangu hapo maneno yao yalikuwa yaleyale. Chai hii hapa. Weka hapo. Umeamka? Nimeamka. Povu angeweza kutoka kazini na kulala bila kusema maneno kumi, na yeye mwenyewe siku moja alishtuka kusikia sauti yake akiongea na sufuria.

Basi ndani ya nyumba kama hiyo hebu fikiria mtu aache maji ghafla. Vyombo vikajaa. Nguo zikalundikana nyuma ya mlango. Povu akawa anaoga mikono imefungwa mifuko ya nailoni hadi kwenye viwiko, imekazwa kwa mpira wa kufungia nywele. Bibi naye akawa anaogeshwa kwa mifuko hiyohiyo. Siku ya kwanza hakusema kitu. Siku ya pili akasema.

"Unaniosha kwa mfuko. Mimi ni gunia?"

Povu alitaka kumweleza. Lakini miaka sita ya kutosema chochote huwezi kuivunja kwa habari za vidole na mashine, angeanzia wapi. Akasema, "Samahani, mama," akaendelea kumsugua mgongo, mfuko ukitoa mlio wake ule, kwaru kwaru, ndani ya chumba kimya.

Siku ya tatu akaja wifi yake, dada wa mume, anayeuza viatu vya mitumba mtaa wa pili. Alikuta sahani za juzi, akamkuta Povu kakaa kibarazani mikono inang'aa mafuta. Akasimama mlangoni akamtazama kuanzia chini hadi juu.

"Wifi, kumbe umekuwa bibi harusi na hatukualikwa."

Povu akamweleza sababu, yote. Wifi akasikiliza, akacheka hadi akashika ukuta, akaosha sahani mbili na kikombe, kisha akaenda kuusimulia mtaa. Jioni hiyohiyo mume akapiga simu kutoka njiani. Alikuwa ameshasikia. Alisema nasikia umegoma, Povu akasema sikugoma, akasema basi ni nini, mama yangu analala kwenye nyumba chafu kwa sababu ya kura moja. Alilirudia hilo la kura moja mara tatu, taratibu, kama anamfundisha mtoto kuhesabu. Mtandao ukakatika. Povu akakaa na simu sikioni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Lakini vidole vilikuwa vinarudi. Siku ya sita, akiwa anakunja foronya karibu na dirisha, aliona kwenye kidole gumba mistari miembamba kabisa, imezunguka kama ya kwenye kitunguu. Hakumwambia mtu. Alifunga ngumi, akaendelea kukunja kwa ngumi.

*

Siku ya nane bibi aliharisha.

Povu alirudi kutoka kazini saa tisa akakuta harufu mlangoni. Shuka la chini, shuka la juu, gauni, blanketi, vyote. Bibi alikuwa amejigeuza upande wa ukuta, amejikunja, hasemi. Povu akavaa mifuko, akamsafisha, akamvalisha, akambeba hadi kwenye kiti. Mfuko wa mkono wa kulia ulichanika palepale. Akakusanya zile nguo kwenye beseni, akasimama uani akizitazama. Alifua nguo chafu kuliko hizo kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na tisa. Kilichomsimamisha kilikuwa kile kidole gumba.

Akampigia wifi yake. Wifi akasema ana wateja. Akampigia tena baada ya nusu saa, wifi akasema ukweli, kwamba yeye tumbo lake haliwezi vitu hivyo, na kwani si ndiyo kazi yako wewe. Shuka safi lililobaki ndani lilikuwa moja, na bibi alikuwa bado anaendesha.

Akarudi chumbani kuchukua blanketi. Bibi akamuuliza, bila kugeuka, kwa nini hajasikia maji uani. Povu akavuta blanketi. Bibi akasema najua umenichoka, sikulaumu, hata mimi nimejichoka. Ikabidi Povu aseme. Akasema yote akiwa amesimama na blanketi chafu mikononi: mashine, karani, siku kumi, mafuta, zimebaki siku mbili kufika kumi, na nne kufika kura.

"Kwa hiyo vidole vimeanza kuonekana?" bibi akauliza.

"Vimeanza, mama."

"Basi niache. Tandika nailoni, nilale hivihivi mpaka upige kura yako."

"Siku nne, mama?"

"Nimelala pabaya kuliko hapa kwa sababu hiyohiyo."

Ndipo akasimulia, na alisimulia akitazama ukuta. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Wanaume walikuwa wanapiga kura, wanawake wanabaki nyumbani kuwasubiri waje wawaambie nani kashinda. Fundi cherehani mmoja akaanza kupita nyumba kwa nyumba na karatasi na kopo la masizi yaliyochanganywa na mafuta. Wengi hawakujua kuandika, wakabandika vidole gumba. Vidole mia tatu na kumi na moja. Wakapeleka kwa mkubwa wa wilaya, mkubwa akasema huu ni mkono wa mtu mmoja amejichafua, akaichana. Wakarudi, wakakaa kwenye ngazi za ofisi. Siku nne. Mvua iliwanyeshea, wengine walikuwa na watoto mgongoni. Siku ya tano wakaburutwa. Fundi cherehani alipigwa sikioni hakusikia tena maisha yake yote. Muuza mkaa, mwanamke mrefu aliyekuwa anawachekesha wote, aliingia jela na hakutoka. Yeye bibi alikaa miezi mitatu, akilala sakafuni kwenye maji ya choo.

"Mwaka uliofuata redio ikasema na wanawake watapiga. Tulikuwa tumeizunguka, nani na nani. Tukangoja itutaje." Akajifuta mdomo kwa ukingo wa khanga. "Ikaenda kwenye taarifa ya mpira."

Povu alikuwa na la kusema, kubwa, limemjaa kifuani, lakini hakulijua jina lake. Alitoka nalo hadi uani. Akavua mfuko uliochanika, akavua na ule mzima. Akamimina magadi kwenye beseni, akaingiza mikono.

Bibi aliendesha siku tatu. Povu alifua siku tatu. Waliongea wakati huo kuliko miaka yote sita, bibi akipaza sauti dirishani, Povu akijibu kutoka uani, habari za muuza mkaa na vichekesho vyake, vingine vichafu kiasi kwamba Povu aliangalia kama majirani wapo. Siku ya nne tumbo likatulia. Povu alitazama vidole vyake asubuhi ya siku ya kura. Vilikuwa vyeupe, vinateleza, kama vile hapakuwahi kuwa na kitu.

*

Alikwenda tu. Saa moja alikuwa kwenye foleni, saa tatu mbele ya mashine, na saa tatu na dakika tano kwenye benchi.

Lilikuwa benchi la shule, fupi, limewekwa ukutani kwa wale ambao vidole vyao vimekataa. Msimamizi wa kituo alisema fomu alizopewa zimeisha, ameagiza nyingine, zinakuja. Alikuwepo fundi muashi, alikuwepo mama wa kuvunja kokoto, alikuwepo mchoma mkaa na wengine wawili watatu wenye mikono kama yao. Waliopita walikuwa wanawatazama kama watu waliokamatwa.

"Liangalieni benchi hili," muashi akasema. "Hakuna hata mtu mmoja wa ofisini."

Saa sita fomu hazijaja. Povu akamwomba muashi amshikie nafasi, akaenda kumpa bibi uji. Alimkuta amekaa kitandani, ametoa kadi yake ya mpiga kura chini ya godoro, ameiweka mapajani. Alikuwa nayo muda wote, tangu waandikishaji walipopita kwa wasiojiweza mchana mmoja, Povu akiwa kazini. Mwanawe na binti yake walishaamua kwamba mama amezeeka, apumzike, na Povu, ee, hata Povu mwenye siku kumi za mafuta, hakuwahi kumuuliza kama yeye anakwenda. Ilimchoma hiyo. Alisimama na bakuli la uji akajiona mjinga.

"Umepiga?" bibi akauliza.

"Bado. Vimekataa."

"Nipeleke mimi. Mimi sijafua miaka sita."

Gari halikuwepo, mume alikuwa njiani, wifi hakupokea simu. Povu akakimbia hospitali, akamwomba msimamizi toroli la mashuka. Msimamizi alimtazama muda, akasema lirudi limeoshwa. Akatandika blanketi ndani ya toroli, akambeba bibi, akamkalisha, akaanza kusukuma. Gurudumu moja lilikuwa bovu, linavuta kushoto. Mtaa ukatoka nje. Mtu akauliza kwa nguvu kama huyo anapelekwa kuanikwa. Wifi yake alikuwa kibandani kwake, akawaona, akainama kupanga viatu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Bibi alikaa wima, mkono mmoja kwenye ukingo, kichwa juu, kama mtu anayejua anatazamwa.

Kituoni wakapishwa mbele. Karani akaushika mkono wa bibi, akaweka kidole gumba kwenye mashine. Mlio mmoja. Kijani. Mara moja tu.

Kwa kuwa haoni, aliruhusiwa mtu wa kumsaidia. Povu akainua mkono akaapa mbele ya mawakala: ataweka alama pale atakapoambiwa na mpiga kura, na hatamwambia mtu. Wakapewa karatasi. Akamsukuma hadi nyuma ya kibanda cha katoni, na pale wakawa wawili peke yao, wasionekane na mtu.

Bibi akamvuta gauni, Povu akainama.

"Wewe yako wamekunyima. Weka unayemtaka wewe. Nakupa."

Picha za wagombea zilikuwa zimepangwa mbele ya Povu. Mwalimu Mkuu alikuwa wa tatu, anatabasamu kwa shida kama mtu asiyependa kupigwa picha. Kalamu ilikuwa mkononi. Lilikuwa jambo la sekunde moja, na alikuwa amepewa ruhusa na mwenyewe. Akafikiria ngazi za ofisi na mvua.

"Hapana, mama. Hii ni yako. Niambie wewe."

Bibi akafurahi, ikaonekana usoni. "Basi Mwenye Kofia."

Povu akaitazama tena picha ya Mwalimu Mkuu.

"Wifi yako alimleta mchana mmoja, wewe uko kazini. Alikaa hapo kitandani kwangu. Akaniuliza habari za zamani, nikamsimulia za fundi cherehani na wenzake. Akanishika mkono akasema asante, mama." Sauti ikapungua. "Tangu redio ile mpaka leo, ni yeye peke yake."

Sasa mtu angeweza kusema. Mama, huyo ndiye anayenifukuza kazi. Maneno matano tu. Lakini miaka yote ile Povu alirudi kutoka kazini akaweka chai akasema hii hapa, hakuwahi kumsimulia kazi yake hata siku moja, bibi angejuaje. Na alikuwa ameapa. Na bibi haoni, angeweza pia kuweka anakotaka yeye na kusema nimeweka. Hakuna mtu duniani angejua. Nje karani alikuwa anakohoa, foleni inanung'unika, na Povu alisimama nyuma ya ile katoni akiwa peke yake kuliko alivyowahi kuwa katika ile nyumba ya watu wawili.

Akaweka alama kwa Mwenye Kofia. Aliiweka vizuri, katikati ya kisanduku, isije ikaharibika. Akakunja karatasi, akampa bibi mkononi, akamwongoza mkono hadi kwenye tundu la sanduku, na bibi akaisukuma mwenyewe.

*

Fomu hazikuja. Povu alirudi kwenye benchi, toroli kando yake, bibi akisinzia ndani yake, hadi saa kumi na moja. Msimamizi wa kituo alitoka akasema ameambiwa kwa simu kwamba gari lilikwama, anaomba radhi, kituo kimefungwa. Muashi alitukana, mama wa kokoto alifunga khanga yake vizuri, akaondoka. Hapakuwa na wa kupigana naye. Makarani walikuwa wanakunja meza.

Akasukuma toroli kurudi. Watu walishaingia ndani kusubiri matokeo ya mwanzo, mtaa ulikuwa mtupu, lile gurudumu bovu tu linapiga kelele. Mwezi mzima wa mashuka ya upasuaji ulikuwa unamngoja, na baada ya hapo pengine hakuna mashuka kabisa. Bibi akaamka njiani, akauliza kama mwishowe amepiga. Akamwambia hapana. Bibi akapiga ulimi, tsk, akasema hata zamani ilikuwa hivyohivyo, kila siku karatasi zao zinakwama mahali.

Povu akasimamisha toroli katikati ya barabara. Akazunguka mbele, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa usawa na wa bibi, ingawa bibi haoni.

"Mama, asante."

"Ya nini? Wewe ndiye unayesukuma."

"Ya kura."

"Kura gani, na wewe hukupiga?"

"Hiyohiyo niliyonyimwa," Povu akasema. "Ni yangu. Kama haikuwa yangu nisingekasirika hivi."

Bibi akanyoosha mkono hewani, akapapasa, akakosea, akapapasa tena hadi akalipata shavu la mkamwana wake, akakuta limelowa.

"Umekasirika sana?" akauliza.

"Sana, mama."

"Vizuri," bibi akasema. "Nisukume twende. Ukifika nyumbani unisimulie kazi yako."

Povu akasimama, akashika toroli, akaanza kumsimulia palepale.